Ngoma za kale: thamani na ukarabati

Ngoma za kale ni ngoma zilizodumu kwa miongo mingi na ambazo thamani yake haitokani na sauti peke yake, bali pia na umri, asili, historia ya matumizi na hali ya sehemu zake. Jina hili linajumlisha ngoma za mzinga, zinazochongwa kwa gogo moja, pamoja na dramu za kiwandani zilizotumiwa na vikundi vya beni na bendi za dansi. Makala hii inaeleza jinsi ngoma hizo zinavyothaminiwa na kukarabatiwa, kwa kuangalia hasa delta ya Rufiji na Kibiti katika Mkoa wa Pwani, Tanzania.

Ngoma hukarabatiwa mara nyingi katika maisha yake, kwa kuwa ngozi huchakaa na kubadilishwa. Mwili wake ni jambo jingine. Kubadilisha ngozi ni matunzo ya kawaida, lakini kukwangua mti, kuupiga msasa au kuupaka vanishi ni kufuta alama za umri ambazo fundi hawezi kuzirudisha. Kwa sababu hiyo, ngoma nyingi za kale hupoteza thamani mikononi mwa watu waliokusudia kuzipendezesha.

## Maana ya neno

Kwa Kiswahili neno *ngoma* lina maana zaidi ya moja: ala yenyewe, muziki na mchezo unaoambatana nayo, na shughuli nzima inayowakusanya watu. Mtu akisema "leo kuna ngoma" hasemi habari ya kifaa kilichowekwa chumbani. Maana hizo zinahusiana na thamani ya ala. Shughuli iliyoizaa ngoma ikikoma, ala hubaki bila kazi, na hapo ndipo huuzwa, husahauliwa darini au hugeuzwa kigoda.

*Kuwamba* ni kunyosha ngozi juu ya mdomo wa ngoma na kuifunga ikiwa imekazwa. *Mzinga* ni gogo lililotobolewa ndani. Neno hilohilo hutumika kwa mzinga wa nyuki, kwa kuwa vyote viwili hupatikana kwa kutoboa gogo.

## Aina

### Ngoma za mzinga

Wilaya ya Kibiti, iliyomegwa kutoka Wilaya ya Rufiji katika miaka ya 2010, ina sehemu kubwa ya delta. Wakazi wa asili wa Rufiji na Kibiti ni pamoja na Wandengereko, Wanyagatwa, Warufiji na Wamatumbi. Ngoma zao zinashabihiana na zile za Wazaramo na watu wengine wa pwani, na hupigwa katika unyago, jando, harusi, maulidi na shughuli za uganga. Aina zinazojulikana pwani ni hizi:

* Msondo: ngoma ndefu na nyembamba, yenye ngozi upande mmoja. Mpigaji huisimamisha au huibana kati ya miguu.
* Vumi: ngoma kubwa yenye sauti nzito ya kuvuma.
* Chapuo: ngoma ndogo yenye mapigo ya haraka na sauti ya juu.
* Kinganga: ngoma ndogo inayojaza mapigo kati ya ngoma kubwa.
* Dumbaki: ngoma yenye kiuno chembamba, iliyoingia pia katika taarabu.
* Tari: duara la mti lenye ngozi upande mmoja, linalopigwa hasa katika maulidi.

Majina na maumbo hubadilika kutoka kijiji hadi kijiji. Ngoma hizi hupigwa kwa kundi, kila moja ikiwa na sauti yake. Hivyo kundi lililochongwa na fundi mmoja na kupigwa pamoja kwa miaka mingi ni seti, hata kama wenyewe hawaliiti hivyo. Likiuzwa moja moja, kila ngoma hupoteza wenzake, na jinsi zilivyolinganishwa sauti hupotea pia.

### Dramu za beni na dansi

Beni ilianza katika miji ya pwani ya Kenya katika miaka ya 1890, kwa kuiga bendi za kijeshi za Ulaya. Ilienea Tanganyika na kukua sana wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia na baada yake, kupitia askari na wapagazi. Vyama vyake viwili mashuhuri vilikuwa Marini na Arinoti. Dramu kubwa ya besi, inayobebwa kifuani na kupigwa kwa rungu, ilikuwa kiini cha beni.

Kutoka miaka ya 1930 muziki wa dansi ulianza kushika nafasi mijini. Bendi ya Dar es Salaam Jazz ilianzishwa mwaka 1932, Cuban Marimba ya Morogoro mwaka 1948, na Western Jazz mwaka 1959. Kilwa Jazz, iliyoongozwa na Ahmed Kipande, ilibeba jina la mji ulio kusini mwa delta. Barabara ya kwenda Kilwa kutoka Dar es Salaam hupita Kibiti. Bendi za aina hii zilitumia seti ya dramu, yaani dramu ya besi inayopigwa kwa pedali, sneya (dramu fupi yenye nyaya chini yake), tomu moja au zaidi, na matoazi.

Dansi halikuachana na ngoma za asili. Bendi ya NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, ilitambulika kwa mtindo wa Msondo, na hatimaye jina hilo likawa jina la bendi: Msondo Ngoma. Mlimani Park, iliyoanzishwa mwaka 1978, ilichukua Sikinde, jina la ngoma ya Wazaramo.

Bendi nyingi za Tanzania baada ya uhuru zilimilikiwa na mashirika ya umma, vyama au majeshi. Vyombo vilikuwa mali ya mwenye bendi, wala si ya mwanamuziki. Mpiga dramu aliyehama aliviacha nyuma. Mwisho wa miaka ya 1970 na katika miaka ya 1980 fedha za kigeni zilikuwa adimu, na vyombo na vipuri kutoka nje vilipatikana kwa shida. Kwa sababu hizo mbili, seti kamili ya miaka ya 1960 yenye sehemu zake zote za awali na historia inayojulikana ni nadra nchini. Nyimbo zenyewe zimebaki katika kanda za Radio Tanzania, lakini dramu zilizosikika humo kwa sehemu kubwa hazikuwekewa kumbukumbu.

## Muundo na sehemu zinazodumu

Ngoma ya mzinga ina sehemu tatu. Ya kwanza ni mwili, unaochongwa kwa miti kama mninga, mwembe, mfenesi au mnazi. Ya pili ni ngozi. Ya tatu ni kifungo, ambacho kinaweza kuwa vijiti vya mti vilivyopigwa kuzunguka mdomo, kamba za ngozi, au misumari ya chuma katika ngoma za karibuni. Baadhi ya ngoma za kusini mwa Tanzania huongezewa kidonge cha nta katikati ya ngozi ili kushusha sauti.

Ngozi ya mbuzi ni nyembamba na hutoa sauti kali. Ya ng'ombe ni nene na hutoa sauti nzito. Zamani ng'ombe walikuwa wachache Rufiji kwa sababu ya mbung'o waenezao ndorobo, na mafundi walitumia zaidi ngozi za mbuzi na za wanyama wa porini, pamoja na ngozi ya kenge kwa ngoma ndogo. Wafugaji walioondolewa bonde la Ihefu kuanzia mwaka 2006 walihamia Rufiji na mikoa ya kusini, na mifugo ikaongezeka wilayani. Kwa hiyo aina ya ngozi ni dalili mojawapo ya kukisia wakati ngoma ilipowambwa, lakini si ya kukisia wakati ilipochongwa.

Dramu ya kiwandani ina mwili wa mbao nyembamba zilizobandikwa kwa tabaka, pete za chuma, vishikio vya skrubu, na bamba la kiwanda. Nje hupakwa rangi au hufunikwa kwa gamba la plastiki lenye mng'ao wa lulu. Hadi katikati ya miaka ya 1950 ngozi ya ndama ndiyo iliyotumika. Kuanzia mwaka 1957, Remo Belli wa Marekani alipoanza kuuza ngozi za plastiki, plastiki ilichukua nafasi yake kwa haraka kwa kuwa hailegei kwa unyevu.

## Athari za mazingira ya delta

Delta ya Rufiji ina msitu mkubwa kabisa wa mikoko uliounganika katika Afrika Mashariki, na tangu mwaka 2004 ni sehemu ya eneo la ardhioevu la Rufiji, Mafia na Kilwa linalotambuliwa na Mkataba wa Ramsar. Hewa yake ina unyevu na chumvi karibu mwaka mzima. Vijiji vingi hufikiwa kwa boti au mtumbwi kutoka sehemu kama Nyamisati, na ngoma inayosafirishwa hivyo hupata mvua na rasharasha za maji ya chumvi. Madhara makubwa ni haya:

1. Kulegea kwa ngozi. Ngozi hunywa unyevu na sauti hushuka. Wapigaji huianika karibu na moto kabla ya kupiga. Ngozi yenye unyevu ikifikia joto la takriban nyuzi 60 za Selsiasi husinyaa bila kurudi, na mara nyingi hupasuka ukingoni. Mkono wa mpigaji uwekwe karibu na ngozi wakati wa kuianika: ukishindwa kuvumilia joto, ngoma isogezwe mbali.
2. Kutu. Msumari wa chuma ukipata chumvi hula kutu, na kutu hiyo huozesha mti unaouzunguka. Ngoma zilizowambwa kwa misumari huharibika mdomo mapema kuliko zile za vijiti vya mti.
3. Bungua na mchwa. Vumbi jipya lililolala chini ya ngoma ni dalili kwamba bungua wako kazini. Matundu ya zamani yasiyotoa vumbi si hatari.
4. Ukungu. Huota juu ya ngozi na ndani ya mzinga uliofungiwa mahali pasipo hewa.
5. Nyufa. Ngoma iliyozoea unyevu wa delta ikihamishiwa chumba kikavu, kama chenye kiyoyozi, mti wake hukauka kwa kasi na kupasuka. Jambo hili huwapata wanunuzi wanaosafirisha ngoma kwenda bara au nchi za baridi.

## Thamani

### Vigezo

Wakusanyaji, makumbusho na wapigaji huangalia vitu vinavyofanana, lakini huvipa uzito tofauti.

* Uasili: ni sehemu ngapi zimebaki zile za awali. Kwa dramu, hii ni pamoja na gamba la nje, skrubu, pedali na bamba la kiwanda. Tundu moja jipya lililotobolewa kwenye mwili linatosha kushusha bei.
* Ukamilifu: kama seti ina vipande vyake vyote, na kama vilitoka kiwandani au kwa fundi pamoja.
* Hali: nyufa, kutu, wadudu, na kama mdomo bado ni duara kamili.
* Rangi ya umri: weusi na mng'ao unaotokana na jasho la mikono, mafuta na moshi. Kwa ngoma za Afrika hiki ni kigezo kikubwa. Ndiyo maana wachuuzi wengine wa vinyago huzika ngoma mpya ardhini au kuzipaka masizi ili zionekane za kale. Ngoma iliyotumika kweli huchakaa pale mkono, paja au kamba ilipogusa, wakati ile ya kughushi huchakaa kila mahali kwa usawa.
* Historia ya umiliki: nani aliichonga, nani aliipiga, katika shughuli gani, na iliondokaje mikononi mwao.

### Mifano

Uzito wa kigezo cha mwisho unaonekana katika seti ya kwanza ya Ludwig ya Ringo Starr, mpiga dramu wa The Beatles, aliyoipata London mwaka 1963. Desemba 2015 iliuzwa mnadani Marekani kwa zaidi ya dola milioni 2. Seti nyingine za kiwanda hicho za miaka ileile, zilizotengenezwa kwa mbao zilezile, huuzwa kwa sehemu ndogo sana ya bei hiyo. Mwezi mmoja kabla yake, ngozi ya mbele ya dramu ya besi ya bendi hiyo, iliyoonekana katika televisheni ya Marekani Februari 1964, nayo iliuzwa kwa zaidi ya dola milioni 2. Kwa kawaida ngozi ni sehemu ya kutupwa. Hapa ilikuwa na bei ya seti nzima kwa sababu ilibeba jina la bendi na siku inayokumbukwa.

Mfano wa pili unatoka delta nyingine ya Afrika Mashariki, ile ya Mto Tana nchini Kenya. Ngadji ni ngoma takatifu ya Wapokomo iliyokuwa alama ya mamlaka ya mfalme wao. Maafisa wa Kiingereza waliichukua mwaka 1902, na mwaka 1908 ikaingia British Museum mjini London. Wapokomo wamekuwa wakidai irudishwe. Kwao swali la bei halipo, kwa kuwa kilichochukuliwa hakikuwa bidhaa. Makumbusho yakiitunza vizuri kiasi gani, haiwezi kufanya kazi yake mbali na watu wake.

Nchini Tanzania, Makumbusho ya Bujora karibu na Mwanza ina jengo maalumu la ngoma za watemi wa Wasukuma. Huo ni mfano wa ngoma zilizohifadhiwa ndani ya jamii yenyewe, ambako wazee wanaojua majina na kazi zake hawako mbali.

## Ukarabati

### Kanuni

Kanuni kuu ni tatu. Kwanza, fanya kidogo iwezekanavyo. Pili, fanya kinachoweza kutenguliwa baadaye bila kuacha alama. Tatu, andika ulichofanya na hifadhi ulichokitoa. Jedwali lifuatalo linaonyesha kazi za kawaida na athari zake.

| Kazi | Inaweza kutenguliwa? | Athari kwa thamani |
|---|---|---|
| Kufuta vumbi kwa brashi laini | Haibadilishi kitu | Hakuna, au huongeza |
| Kuwamba ngozi mpya na kuhifadhi ya zamani | Ndiyo | Ndogo kwa ngoma inayopigwa |
| Kubadilisha skrubu na kuhifadhi za awali | Ndiyo | Ndogo |
| Kutoboa matundu mapya | Hapana | Hushusha |
| Kubandua gamba la awali la dramu | Hapana | Hushusha sana |
| Kupiga msasa na kupaka vanishi au rangi | Hapana | Hushusha sana |

### Kuwamba upya

Kazi hii huanza kwa kupiga picha za pande zote za ngoma. Vijiti vya zamani hung'olewa kimoja kimoja na kuwekwa kwa mpangilio wake, kwa kuwa mara nyingi kila kijiti kinaingia vizuri katika tundu lake tu. Ngozi ya zamani haitupwi. Huandikwa tarehe na kuwekwa pakavu.

Ngozi mpya isiyotiwa dawa ya kiwandani hulowekwa katika maji safi usiku kucha hadi ilainike. Hukatwa duara kubwa kuliko mdomo wa ngoma na kutandazwa, upande wa manyoya ukiwa juu. Kijiti cha kwanza hupigwa, kisha cha pili upande unaokabiliana nacho, halafu viwili vya pembeni, na kuendelea hivyo hadi duara lote litimie. Fundi akizunguka kwa kufuata upande mmoja, ngozi huvutika vibaya na sauti haiwi sawa.

Matundu ya zamani ndiyo yatumike. Ngoma nyingi za kale zina safu mbili au tatu za matundu yaliyorundikana, kila moja ikitokana na uwambaji uliopita, na mdomo uliojaa matundu hupasuka. Tundu lililopanuka huzibwa kwa kipande cha mti laini, ndipo kijiti kirudishwe hapohapo. Ngoma hukaushwa kivulini kwa siku mbili au tatu. Jua kali hukausha juu kabla ya ndani, na ngozi hujikunja. Mwisho manyoya hunyolewa kwa wembe na ukingo kusawazishwa.

### Mti na wadudu

Uchafu wa kawaida huondolewa kwa brashi laini na kitambaa chenye unyevu kidogo. Masizi na mafuta ya mikono hayaondolewi, kwa sababu ndiyo ushahidi wa matumizi.

Dhidi ya wadudu, watu wengi hupaka mafuta ya taa au oili chafu ya magari. Njia hizo huua baadhi ya wadudu, lakini oili huweusha mti moja kwa moja. Mafuta ya taa yana hatari zaidi, kwa kuwa ngoma hiyohiyo itaanikwa motoni kabla ya kupigwa. Makumbusho hutumia baridi: kitu kidogo hufungwa ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa na kuwekwa katika friza yenye baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki moja au mbili. Ngoma yenye ngozi iliyokazwa sana isifanyiwe hivyo bila ushauri wa mtaalamu.

Ufa usioendelea huachwa ulivyo. Ufa unaobadili sauti huweza kujazwa vumbi la mti uleule lililochanganywa na gundi inayoyeyuka kwa maji, ili fundi wa baadaye aweze kuitoa. Gundi za kemikali zenye nguvu hazifai, kwa kuwa mti ukitanuka na kusinyaa hupasuka upya kando ya gundi.

### Dramu za kiwandani

Kila sehemu ipigwe picha kabla ya kufunguliwa. Skrubu zihifadhiwe kwa kikundi, kila dramu na mfuko wake. Dramu za zamani za Marekani na Uingereza zina skrubu za kipimo cha inchi. Fundi akilazimisha skrubu ya milimita kutoka duka la vifaa vya ujenzi, huharibu nyuzi za kishikio, ambacho kipuri chake hakipatikani kwa urahisi.

Kutu nyepesi juu ya kromu huondolewa kwa kusugua kwa karatasi ya alumini iliyoloweshwa maji, kisha kukausha na kupaka mafuta mepesi. Brashi ya waya isitumike, kwa kuwa hukwangua kromu yenyewe na kufungulia kutu mlango. Katika hewa ya chumvi kama ya Kibiti na vijiji vya delta, chuma kipakwe mafuta mepesi mara kwa mara hata kama dramu haitumiki.

Magamba mengi ya zamani yalitengenezwa kwa seluloidi. Seluloidi hugeuka manjano na kusinyaa kwa miaka, na hushika moto upesi. Gamba lililobanduka hurudishwa kwa gundi na kubanwa kwa kitambaa, bila kupashwa moto wala kukaribiwa na sigara. Gamba lililofifia ni afadhali kuliko jipya linalong'aa, kwa sababu wakusanyaji huutambua mwaka wa seti kwa rangi na muundo wa gamba lake.

Tatizo jingine ni vipimo. Baadhi ya dramu za Premier, kiwanda cha Uingereza kilichoanzishwa mwaka 1922, za kabla ya mwisho wa miaka ya 1960 ni pana kidogo kuliko vipimo vya sasa, na ngozi za kisasa haziziingii. Kupunguza mwili kwa randa ili ngozi iingie ni kuiua dramu. Suluhisho ni kuagiza ngozi ya kipimo maalumu, au kuwamba ngozi halisi juu ya pete yake, kazi ambayo fundi wa ngoma za mzinga anaimudu.

## Ngoma inayopigwa na ngoma inayohifadhiwa

Ushauri wa wakusanyaji wa Ulaya na Marekani kwamba kitu cha kale kisiguswe hauwezi kufuatwa wote kijijini. Ngoma isiyopigwa hupoteza kazi yake, na inayopigwa lazima ibadilishwe ngozi. Mwanya kati ya matakwa hayo unaweza kuzibwa kwa kutenga majukumu. Ngoma ya kale yenye mdomo mchovu hupumzishwa na kutolewa kwa shughuli kubwa tu. Ngoma mpya huchongwa kwa kuifuata, ikilinganishwa nayo sauti, na ndiyo hubeba kazi ya kila siku. Njia hii pia humpa fundi kijana nafasi ya kujifunza kwa kupima ngoma ya fundi aliyemtangulia. Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo (TaSUBa), iliyotokana na Chuo cha Sanaa kilichoanzishwa mwaka 1981, hufundisha sanaa za jukwaani, upigaji wa ngoma ukiwemo.

## Sheria

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, pamoja na marekebisho yake ya mwaka 1979, inalinda vitu vya kale na vya kiutamaduni nchini Tanzania, na inataka kibali cha serikali kabla ya kuvisafirisha nje ya nchi. Ngoma iliyotumika katika shughuli za jamii ni tofauti na kinyago kilichotengenezwa kwa ajili ya kuuzwa kwa watalii, hata kama zinafanana kwa umbo.

Ngozi nayo ina sheria zake. Kumiliki ngozi ya mnyamapori bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Kenge na chatu wa Afrika wako katika orodha za CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, hivyo ngoma iliyowambwa ngozi zao inaweza kuzuiwa mpakani. Anayewamba upya atumie ngozi ya mbuzi au ng'ombe.

## Kumbukumbu

Kwa kuwa historia ya umiliki ndiyo sehemu ya thamani inayopotea upesi zaidi, kila ngoma ya kale inastahili karatasi yake. Mambo yafuatayo yanatosha:

* jina la ngoma katika lugha ya wenyeji, na kijiji ilikotoka;
* jina la fundi, kama linakumbukwa, na aina ya mti;
* shughuli iliyotumika, na ngoma nyingine zilizopigwa nayo;
* vipimo: urefu, upana wa mdomo, idadi ya vijiti au skrubu;
* namba na bamba la kiwanda, kwa dramu;
* tarehe ya kila uwambaji na kila ukarabati, na nani aliufanya;
* picha, na ikiwezekana sauti yake iliyorekodiwa.

Ngoma nyingine, hasa za unyago na za uganga, zina mambo ambayo wenyewe hawataki yaandikwe au yaonyeshwe kwa kila mtu. Ridhaa ya wazee wanaozitunza hutangulia picha na maelezo yote. Pale wanaporuhusu, karatasi hiyo iandikwe wakati wanaojua bado wapo. Ngozi itawambwa upya na skrubu itapatikana, lakini jina la aliyechonga ngoma haliwezi kusomwa kwenye mti.

## Tazama pia

* Ngoma
* Beni
* Muziki wa dansi
* Msondo Ngoma
* Delta ya Rufiji
* Wilaya ya Kibiti
* Wandengereko